Namba Tatu Alimtaja Baba Yake

Wewe, ukikatazwa kutaja jina lako, shule uliyosoma, mji uliozaliwa na wazazi waliokuzaa, utasema nini mpaka mtu akujue wewe ni nani?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka miaka yote ya chuo, tena kwa kipaza sauti, nimesimama kwenye ngazi za bwalo la chakula. Nilisema hiyo ndiyo haki! Mashirika ya umma yafiche majina, yafiche vyuo, yafiche baba ni nani na anafanya kazi wapi. Mtoto wa mkubwa akae kiti kilekile na mtoto wa mkulima, kila mmoja abandikwe namba kifuani kama mchezaji wa mpira, apimwe kwa anachokijua. Sheria ilipokuja nilishangilia mpaka koo likakauka. Bado naiunga mkono. Ila siku hizi naiunga mkono nikiwa nimeketi.

Mtu ninayetaka kukueleza habari zake anaitwa Tak Yeonhui. Hana cheo, hajawahi kuandikwa gazetini, na ukipishana naye kwenye ngazi za treni ya chini hutamkumbuka ukifika juu. Nilimkuta mjini Daejeon kwenye kikundi cha mazoezi ya usaili. Watu wasiojuana hutafutana mtandaoni, hukodi chumba kidogo juu ya duka la kahawa, hupanga viti, kisha huhojiana kwa zamu: leo wewe msaili, kesho wewe ndiye unayetoka jasho. Mmoja akipata kazi huleta keki za mchele zilizonyunyiziwa unga wa maharage, huzigawa, huinama, huaga, na ndiyo basi, hamwonani tena. Dada Yeonhui alikuwa amekula keki za wenzake miaka na miaka. Alikuwa anazijua kwa ladha: hizi za soko la kati, hizi za yule mama wa karibu na stesheni, hizi zimekaa tangu jana.

Na wengi wa walioleta keki hizo ni yeye aliyewafundisha. Hakuna aliyekuwa mtulivu kumzidi akiwa upande wa wasaili. Mimi mwenyewe alinishika siku ya kwanza.

"Dongha, mdogo wangu," alisema, "unajibu kama mtu anayetaka kupindua meza."

"Swali lenyewe la kipumbavu, dada. Eti bosi akikuagiza jambo usilokubaliana nalo utafanyaje. Nitamwambia sikubaliani!"

"Mwambie. Lakini mwambie taratibu. Na usimtazame machoni, macho yake yatakukasirisha. Tazama fundo la tai. Hakuna aliyewahi kugombana na fundo la tai."

"Huyu ataweza," alidakia Gilsu. "Huyu atagombana na vifungo vya shati."

Gilsu alikuwa mtu wa tatu wa kikundi chetu, mnene, zamani muuza simu, mzaha haumtoki mdomoni. Ndiye aliyeigiza mwenyekiti wa wasaili, kwa sababu uso wake ukikaza unatisha kweli.

Lakini viti vikigeuzwa, dada Yeonhui akikaa upande wa msailiwa, alikuwa mtu mwingine. Sauti ilipanda, ikawa nyembamba kama ya mbuzi aliyefungwa mbali na mama yake. Mikono aliyotufundisha kuiweka magotini ilianza kusuguana yenyewe. Na hii ilikuwa mbele yetu tu, watu aliokula nao tambi. Mbele ya wasaili halisi ilikuwa balaa. Ajabu ni kwamba kazi aliyokuwa akiifanya kujikimu ilikuwa ya kupokea simu za watu ambao mashine zao za kupasha nyumba joto zimekufa katikati ya baridi kali. Watu wale hutukana. Alikuwa akitukanwa kuanzia asubuhi hadi jioni, naye hujibu kwa sauti laini, anauliza taa nyekundu inawaka au inamulika, anawaambia wafunike mabomba kwa blanketi. Simu haikumtisha. Kilichomvunja ni nyuso tano zilizokaa safu moja, kimya, zikiandika.

Alikuwa amejaribu kila kitu. Hata kile kidonge cha kutuliza moyo ambacho kila mama wa kwetu humtilia mtoto mfukoni siku ya mtihani: donge jeusi, kubwa kama gololi, limeviringishwa kwenye karatasi ya dhahabu, chungu, linanuka mzizi. Kila mtu anajua donge lile huonjwa kwanza siku ya kawaida, uone mwili wako unalipokeaje. Yeye aliwahi kulitafuna zima kwa mara ya kwanza asubuhi ya usaili wa shirika la umeme. Wasaili walipomuuliza mwishoni kama ana neno la kuongeza, aliinama kwa heshima zote akasema, "Hapana, asanteni, nimeshiba."

Tulicheka mpaka mwenye duka akagonga mlango. Yeye alicheka pia, kidogo, akijipapasa shingo kama mtu aliyelala vibaya.

Majira yale ya kupukutika majani, shirika la maji la mkoa lilitangaza nafasi ya afisa wa kusikiliza wakulima: anayekwenda vijijini wakati wa kugawa maji ya mifereji, anayepokea malalamiko, anayesimama katikati. Mimi niliomba kwa sababu nilikuwa naomba kila kilichotangazwa. Dada Yeonhui aliomba kwa sababu aliitaka. Tofauti hiyo ilionekana. Mkataba wake wa kule kwenye simu ulikuwa umekwisha na haukuongezwa. Kodi ya chumba chake, kile chumba ambacho ukinyoosha miguu unagusa mlango, ilikuwa inaisha mwezi uleule. Alikuwa ameshamwambia mama yake: huu ndio usaili wa mwisho. Nikikosa, narudi kwetu Yeongdong kumenya matunda ya makaki kwenye banda la mjomba, na msiniulize tena.

"Kumenya makaki si aibu," Gilsu alimwambia.

"Nani kasema aibu? Nayamenya vizuri kuliko wewe unavyouza simu. Mimi sitaki tu kurudi kwa sababu nimeogopa viti."

Basi tukafanya mazoezi. Swali tulilojua litaulizwa ni lile linaloulizwa kila mahali: eleza wakati ulipokaa imara katikati ya ugomvi. Dada alikuwa na jibu lake la miaka yote, kazi ya kikundi chuoni, wenzake wawili walikosana kuhusu nani asome matokeo mbele ya darasa, yeye akapendekeza wasome kwa zamu. Kila akilisema, sauti ya mbuzi ilirudi. Gilsu alijifanya anasinzia, kisha akasinzia kweli.

Siku moja tulikuwa tumechoka, hakuna mazoezi, tunamenya machungwa madogo ya Jeju juu ya meza, na dada akaanza tu kusimulia bila kuulizwa.

"Mwaka ule wa ukame baba alianguka kwenye ukingo akavunjika nyonga. Ndiye mlinzi wa mfereji wa kijijini kwetu, si mnajua? Amelala pale sebuleni anagumia. Akaniambia, Yeonhui, nenda kafunge lango la juu, zamu ya wale imekwisha. Nikaenda na viatu vya mama. Nafika, nakuta mzee wa shamba la Juu na mzee wa shamba la Chini wameshikiana majembe. Majembe kweli. Mpunga wa huyu umekauka, wa huyu unakauka. Wananifokea wote wawili. Nikapanda kwenye lango, nikashika gurudumu, nikawaambia, wazee wangu, mnifokee mmoja mmoja, siwasikii."

"Halafu?" niliuliza.

"Mzee wa Chini akacheka. Akaweka jembe chini. Akasema, haya, aanze yeye, ana sauti mbaya zaidi." Alitia kipande cha chungwa mdomoni. "Nikakaa juu ya lango lile mpaka zamu zote mbili zikapita. Kwa siku kadhaa. Mpaka mvua."

Nilimwangalia mikono. Imetulia. Sauti ilikuwa ileile anayotumia kuuliza taa inawaka au inamulika.

Gilsu alipiga meza. "Dada! Hii umekuwa unaificha wapi? Sisi tunauawa hapa na habari za nani asome matokeo!"

"Siwezi kuisema. Baba yumo ndani."

Ndiyo sheria ile. Ukitaja mzazi, kijiji, chuo, umejifichua, na aliyejifichua hukatwa alama au hufutwa kabisa, ili asiwepo wa kubebwa.

"Mtoe," alisema Gilsu.

"Nimtoe baba?"

"Mtoe tu. Mwite mkazi mmoja mzee."

"Mkazi mmoja mzee!" Alicheka mpaka akakohoa. "Akisikia atanichapa na mkongojo."

Basi tukamtoa. Ilituchukua wiki nzima. Kila mara dada alipofika kwenye sebule, baba yake alichomoza: mara dada akasema "nyumbani," mara "akaniambia Yeonhui," mara akanyamaza tu pale ambapo baba alipaswa kuwa. Gilsu alikuwa anapiga filimbi mdomoni kama mwamuzi. "Faulo! Nimemwona mzee kwenye pazia!" Tulimkatakata baba yake polepole mpaka akabaki mkazi mmoja mzee aliyeumia, katika eneo moja la mashambani, siku moja. Hadithi ikawa safi. Sauti ya mbuzi haikurudi. Ilikuwa na ubaridi fulani, lakini sisi tuliusifu, tukasema huo ndio utulivu wenyewe.

Jioni ya kuamkia usaili tulikwenda kuazima suti kwenye ofisi ya jiji. Vijana wote wa kwetu wasio na suti huenda pale. Msimamizi wake ni Bi Myeongok, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni na miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alimvalisha dada koti jeusi, akatikisa kichwa.

"Umekonda tena. Wewe nikikupa la ukubwa huu mabega yanalingana, kiuno kinabaki cha watu wawili."

"Lichome pini, mama," dada alisema.

"Nachoma. Usigeuze mgongo kwao."

"Wakiniona mgongo nitakuwa natoka. Haidhuru tena."

Bi Myeongok akakusanya kitambaa nyuma, akachoma pini kwa ndani, akavuta koti chini. "Kesho kutwa asubuhi mnalirudisha mapema. Kuna binti mwingine kalipangia."

Kesho yake tulikaa kwenye chumba cha kungojea, chupa za maji mbele yetu, namba vifuani. Mimi nilikuwa Namba Mbili, yeye Namba Tatu. Namba Moja alikuwa kijana mwenye nywele zilizochanwa kama kofia, akirudia majibu yake kwa midomo bila sauti. Nilikuwa nimejiapiza moyoni kwamba nikiona dhuluma yoyote mle ndani nitasimama. Nilikuwa nimeanza hata kutafuta dhuluma yenyewe. Goti langu lilikuwa linatikisa safu nzima ya viti.

Dada alitoa donge la karatasi ya dhahabu mfukoni. "Mama kanitumia kwa posta. Chukua nusu."

"Na wewe?"

"Mimi leo nataka kuwa macho. Nusu, Dongha. Nusu tu."

Nikatafuna lote. Lilikuwa chungu na nilitaka liishe haraka.

Tulipoitwa, moyo wangu ulikuwa umetulia sana. Ulitulia kupita kiasi. Niliinama, nikaketi, nikaona wasaili watano, nikawapenda wote. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima mwenye tai ya kijani. Namba Moja aliulizwa kuhusu ugomvi, akajibu kama redio inayosoma taarifa ya habari. Mimi niliulizwa, nikajibu kitu, sikumbuki nini, ila kilikuwa kifupi na sikugombana na yeyote. Kisha wakafika kwa dada.

Akaanza. Katika eneo moja la mashambani, siku moja ya ukame, mkazi mmoja mzee. Sauti ilikuwa sawa, na mikono haikusogea. Nilisikia yale majembe, nilisikia "mnifokee mmoja mmoja," na msaili mwanamke aliyekaa mwisho wa meza akatabasamu. Nilijua, hata katika usingizi wangu ule, kwamba imekwenda vizuri.

Mwenyekiti alifunua karatasi, akaifunika. "Namba Tatu, hebu nielewe. Lango la mfereji ni mali ya umma. Haliguswi na kila mtu. Wewe ulikuwa nani hata ulishike? Nani alikutuma?"

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Mkazi mmoja mzee hawezi kumtuma mtu kwenye lango la serikali. Na akisema alijituma mwenyewe, amekiri kuvunja sheria mbele ya shirika la maji. Nilimwona akitazama fundo la tai ya kijani. Nikangoja mbuzi alie.

"Nilitumwa na baba yangu," alisema. "Ndiye mlinzi wa mfereji ule. Alikuwa amevunjika nyonga."

Yule mwanamke akaweka kalamu chini. Namba Moja aliacha kupumua. Mwenyekiti akamtazama juu ya miwani, wala si kwa ukali.

"Namba Tatu. Unajua ulichokisema?"

"Najua. Nimemtaja mzazi. Kateni kinachokatwa. Ila naomba nimalizie, kwa maana wale wazee bado wamesimama na majembe."

Mtu mmoja upande ule alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti akasema, "Malizia."

Akamalizia. Alieleza alivyowapa zamu, alivyowagawia watoto wao fimbo za kupimia kina ili pasiwe na wa kumshuku mwenzake, alivyokwenda nyumbani kila jioni kumweleza baba maji yamefika wapi, na baba akamsahihisha. Safari hii baba alikuwamo, amelala sebuleni pake, anagumia, anauliza. Hadithi haikuwa na ubaridi. Mabega yalikaa mahali pake ndani ya lile koti la kuazima, na sauti ilikuwa ya mtu anayejua mfereji unaanzia wapi na unaishia wapi.

Na mimi? Mimi niliyejiapiza kusimama nilikaa pale nikitabasamu kama mtoto aliyenyonya. Hasira niliiona kwa mbali, kama basi linalopita barabara nyingine. Mwenyekiti aliponiuliza kama nina la kuongeza, nilibana midomo kwa nguvu zangu zote nisije nikasema nimeshiba.

Kwenye korido kijana wa ofisi alitufuata, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Aliinama mara mbili kabla hajafungua mdomo.

"Namba Tatu, samahani sana. Lile la kutaja mzazi limeandikwa. Kwa utaratibu wetu alama zako za leo hazitahesabiwa. Nimeagizwa nikuambie mapema, usikae ukingoja bure." Akapunguza sauti. "Kwa kweli ulijibu vizuri mno."

"Asante. Hii namba naondoka nayo au mnaitaka?"

"Tunaitaka, dada."

Akaibandua kifuani taratibu, asiharibu koti, akampa.

Gilsu alikuwa ametuwekea meza kwenye duka la tambi karibu na stesheni, bakuli tatu zinatoka moshi. Alituona nyuso, akaanza kugawa vijiko. Dada akamweleza kwa maneno machache, huku akipangusa kijiko kwa karatasi. Hapo ndipo donge lilipoanza kunitoka kichwani, na hasira ikarudi yote kwa mpigo.

"Hii haikubaliki!" nilisema. "Naandika malalamiko. Naandika kwa waziri. Sheria iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe, halafu wewe ndiye inayekukamata? Baba yako mlinzi wa mfereji! Angekubeba nani?"

"Kula, Dongha. Tambi zinavimba."

"Zivimbe!"

"Sheria ni nzuri," alisema dada. "Tuseme Namba Moja angesema, nilitumwa na baba yangu, ndiye mkurugenzi. Ungetaka wamfanyeje?"

Nilifungua mdomo. Gilsu akanitazama kwa hamu ya kweli, kijiko hewani, anangoja. Nikavuta bakuli langu karibu. Jibu lake nalitafuta mpaka leo.

"Basi kwa nini ulisema, dada?" Gilsu aliuliza polepole. "Ungesema lolote. Ungesema mwenyekiti wa kijiji."

Alivuta tambi bila kuzila.

"Wiki nzima nimekuwa namtoa," alisema. "Hapa mnamtoa, nyumbani namtoa, kwenye treni nikiwa peke yangu namtoa. Yule mtu akaniuliza nani alinituma. Nikachoka, Gilsu. Basi tu. Nilichoka." Kisha akaangalia mikono yake juu ya meza, akaigeuza. "Lakini haikutetemeka, Dongha. Si uliona?"

"Niliona, dada."

Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, anataka kujua amekula. Akasema anakula. Akasema amekosa. Akaeleza kwa nini. Upande ule simu ikabadilisha mkono, ikaja sauti ya kiume, nzito, ya mtu asiyezoea simu, kubwa kiasi cha kutufikia sote.

"Umenitaja mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Mbele ya watu wa ofisi?"

"Ndiyo."

"Mimi nina nini cha kutajwa?"

Dada alifunika macho kwa kiganja. "Waliuliza, baba," alisema. "Waliuliza nani alinituma."

Mzee akapumua. Akasema makaki mwaka huu ni mengi, matawi yanagusa ardhi, na aje na soksi nene. Akakata bila kuaga. Gilsu alikwenda kulipa kabla hatujamaliza, na alikaa kule kwenye dawati la kulipia muda mrefu, akitupa mgongo.

Asubuhi iliyofuata nilirudisha suti yangu. Dada Yeonhui alikuwa ameshafika, amevaa jaketi lake la zamani lenye pamba, begi kubwa miguuni. Basi la Yeongdong lilikuwa la asubuhi ileile. Bi Myeongok alipokea koti jeusi, akalinusa kwapa, akalipangusa kwa brashi. Yeye huwauliza wote wanaorudisha. Miaka yote dada alikuwa akijibu kwa kutazama sakafu.

"Vipi ilikuwa?"

"Nimekosa, mama," dada alisema, akimtazama usoni. "Lakini nilijibu."

Bi Myeongok alishusha miwani ya kichwani, akamwangalia kama anampima upya. Kabla hajasema neno, mlango ukasukumwa, akaingia binti mdogo, nywele mbichi, anahema.

"Mama, samahani, samahani, treni ilichelewa, usaili wangu ni saa nne!"

"Vaa hili. Limetoka mikononi mwa mtu sasa hivi, bado lina joto."

Binti akajitumbukiza ndani ya koti. Akafunga kifungo kwenye tundu lisilo lake, akakifungua, akakosea tena. Dada Yeonhui akaweka begi chini, akamfungia, kimoja kimoja, kuanzia chini.

"Ukikaa, tazama fundo la tai," alimwambia. "Na baba yako mwache nyumbani."

"Nini?"

"Nenda, utachelewa."

Binti akainama mara tatu, akatoka mbio. Dada akabaki anautazama mlango. Ghafla akashtuka. "Pini!" Akatoka nyuma yake akikimbia, jaketi wazi, nami nikamfuata hadi kizingitini. Alimkuta kwenye kivuko cha miguu, taa bado nyekundu. Nilimwona akipeleka mkono nyuma ya kiuno cha yule binti, na binti akageuka, akajipapasa mgongoni, akatikisa kichwa.

"Iache, dada," nilimsikia akisema. "Inanikaa vizuri."

Taa ikawa kijani. Watu wakavuka, na lile koti jeusi likavuka nao, limebana kiunoni sawasawa, linakwenda kwenye usaili. Dada Yeonhui alisimama ukingoni mwa barabara, mkono bado umeinuka pale mgongo ulipokuwa, mpaka taa ikageuka tena nyekundu.